Neno moja linalokula asubuhi nzima

Amri ambayo karibu kila mwanafunzi wa Java huandikiwa ubaoni mapema ina maneno matatu: mvn clean install. Vidole huizoea upesi. Baada ya mwezi mmoja mtu huiandika bila kufikiri, kama anavyosukuma mlango wa kwake. Hasara imejificha katika neno la katikati. Maven, chombo cha kujengea programu za Java, ikisoma clean, hufuta folda iitwayo target katika kila moduli ya mradi, yaani matunda yote ya kazi ya jana, kisha huanza moja. Aliyerekebisha mstari mmoja anajikuta akiujenga mradi mzima.

Bukavu bei ya neno hilo haifichiki. Muhumba ni mtaa wa komini ya Ibanda, jirani na Ziwa Kivu, na ng'ambo ya mto Ruzizi ni Rwanda. Mto huohuo ndio unaozungusha mitambo ya Ruzizi I, iliyojengwa enzi za Wabelgiji, na Ruzizi II, iliyoanza kazi 1989 na ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kukaa karibu na mitambo hakujawaondolea wakazi délestage: courant huenda na kurudi, na anayefanya kazi kwa kompyuta hujifunza kuisikiliza kama mvuvi anavyosikiliza upepo. Intaneti nayo wengi huinunua kwa forfait, mega kwa mega. Kwa hiyo ujenzi wa programu unaochukua dakika 25 una gharama tatu kwa pamoja: muda wa mtu, chaji ya betri, na mega. Courant ikikatika dakika ya 22, zote tatu zinalipwa tena.

Kujenga, kwa lugha ya fani hii, ni safari yote iliyo kati ya msimbo ulioandikwa na programu inayofunguka: kuleta maktaba zilizoandikwa na wengine, kukompaili, kuunganisha vipande, kufanya majaribio, kufunga kifurushi. Katika mradi mdogo safari hiyo ni ya sekunde. Mradi ukifika mamia ya maelfu ya mistari huwa ya dakika nyingi, na kwa baadhi ya miradi ni ya saa. Ushauri unaofuata una shina moja: kompyuta isirudie kazi ambayo jibu lake halijabadilika, wala isilete kwa mtandao kitu ambacho tayari kiko nyumbani. Kununua mashine mpya kunakuja baada ya hapo, na mara nyingi hakuhitajiki.

Mradi mzuri wa kujifunzia jambo hili uko Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianzia katika ushirikiano wa vyuo vikuu vya Moi na Indiana mjini Eldoret, Kenya, mwaka 2004. Ulianza kutumika huko Februari 2006, na mwaka huohuo ukafika Rwinkwavu nchini Rwanda. Msimbo wake ni wazi kwa yeyote. Umeandikwa kwa Java, hujengwa kwa Maven, na umegawanywa katika moduli kama api, web na webapp. DHIS2, ambayo wizara ya afya ya Kongo hukusanyia takwimu za zone de santé zake, ilitoka Chuo Kikuu cha Oslo nayo pia ni ya Java na Maven. Kijana wa Muhumba anayetaka kurekebisha kasoro katika mmoja wa mifumo hii hahitaji ruhusa ya mtu. Anahitaji kuvuka ujenzi.

Kizingiti cha kwanza ni kuupata msimbo wenyewe. Git, isipoambiwa vingine, huleta historia yote ya mradi, kila badiliko la kila mtu tangu siku ya kwanza. Anayetaka kurekebisha kasoro moja haihitaji: git clone --depth 1 huleta hali ya leo peke yake na kuokoa mega nyingi. Kuna ubaya mwingine wa git clone usiotajwa sana. Mtandao ukikatika katikati, haiendelei pale ilipoishia, huanza upya. Dawa yake ni git bundle. Rafiki aliye mahali penye mtandao imara, Kigali au Nairobi, huufunga mradi wote katika faili moja na kuliweka kwenye seva. Faili la namna hiyo hupakuliwa kwa wget -c, ambayo hujua kuendelea kutoka ilipokatikia. Hata flash inayosafiri kwa boti kutoka Goma inalibeba vizuri, na Git hulifungua kama hazina yoyote ile, kisha siku zinazofuata huleta mabadiliko mapya tu.

Kizingiti cha pili ni maktaba, na hapa ndipo mega za watu wengi huzama. Ofisini, mazungumzo huwa ya namna hii:

"Mukubwa, mega zimeisha tena."

"Lakini zile librairie si zilikuwa zimeshashuka jana?"

"Zilishuka ku mashini ya mwenzetu, na leo hakuje."

Watu wanne, kompyuta nne, na maktaba zilezile zimevushwa baharini mara nne. Maven huhifadhi ilichokileta katika folda ya .m2 ya kila mtumiaji, Gradle, chombo kingine cha ujenzi, katika .gradle, na npm ya JavaScript ina kashe yake, yaani akiba ya vitu ilivyowahi kuvileta. Lakini akiba hizo hazizungumzi kutoka mashine moja hadi nyingine. Njia ya kuzizungumzisha ni kuchukua kompyuta moja ya zamani, hata ile ambayo kioo chake kimepasuka, kuiwekea Nexus Repository au Reposilite kwa ajili ya Java, na Verdaccio kwa ajili ya npm, kisha kuziambia mashine zote nne ziombe maktaba kwake. Kwa Maven ni mistari michache ya mirror katika faili la settings.xml. Mtu wa kwanza akiomba maktaba, seva ile huileta kutoka nje na kubaki na nakala. Wa pili, wa tatu na wa nne huipata kwa Wi-Fi ya ofisi bila kugusa forfait. Kati ya kila kinachopendekezwa katika makala hii, kwa Bukavu hakuna chenye faida kubwa kuliko hicho, na kinachukua alasiri moja.

Wasio na mashine ya ziada wanaweza kuanza na herufi moja. Maven ikipewa -o, na Gradle ikipewa --offline, hazigusi mtandao kabisa, hutumia kilichopo. Wengi hushangaa kuona ujenzi unaharakishwa na herufi hiyo hata pale ambapo maktaba zote zilikuwa zimeshashuka. Sababu ni kwamba matoleo yaitwayo SNAPSHOT, ambayo hubadilika bila kubadili jina, huifanya Maven iulize kila siku kama kuna jipya, na Gradle kwa kawaida hufanya hivyohivyo kila baada ya saa 24. Mradi ukitaja hazina nne za maktaba, Gradle huzipitia kwa mpangilio zilivyoandikwa, na maktaba iliyo katika hazina ya nne huulizwa kwanza katika tatu zisizo nayo. Mahali ambapo swali moja na jibu lake huchukua nusu sekunde, maswali mia tatu ni dakika mbili na nusu za kusubiri tupu. Kwa hiyo matoleo yaandikwe kwa namba kamili, na hazina inayotumika zaidi itangulie.

Hapo kuna mtego mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu, maana umewakatisha wengi tamaa. Mtandao unakatika wakati Maven inaleta maktaba. Unarudi. Mtu anarudia amri, na Maven inamjibu kwa ujumbe mwekundu kwamba maktaba haipatikani, ingawa kwenye kivinjari inaonekana ipo. Anarudia, jibu ni lilelile. Akifungua folda ya .m2 mahali maktaba ilipopaswa kuwa, atakuta faili dogo ambalo jina lake linaishia na .lastUpdated. Hilo ndilo jibu. Maven imeandika kwamba ilijaribu ikashindwa, na haitajaribu tena mpaka muda wake wa kuuliza upite, ambao kwa kawaida ni siku nzima. Amri ileile ikiongezwa -U, Maven hulazimika kuuliza mtandaoni upya na mambo huendelea. Hakuna haja ya kufuta folda yote ya .m2, kama wengi wanavyofanya kwa hasira, kisha kulipa gigabaiti upya.

Maktaba zikishakuwa nyumbani, ndipo swali la kasi ya ujenzi wenyewe linapokuja, na hatua yake ya kwanza haigusi msimbo. Ni daftari. Mjenzi aandike namba tatu: ujenzi kutoka sifuri unachukua muda gani, unachukua muda gani baada ya kubadilisha mstari mmoja, na unachukua muda gani bila kubadilisha chochote. Namba ya kwanza ndiyo watu huilalamikia. Ya pili ndiyo wanayoishi nayo, kwa kuwa hujirudia mara ishirini au thelathini kwa siku: dakika sita mara ishirini ni saa mbili. Ya tatu ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Ujenzi wa kitu ambacho hakikubadilika ungepaswa kuwa karibu na bure, na kila sekunde inayotumika hapo ni kazi isiyo na sababu.

Vyombo vya kupimia havina gharama. Maven yenyewe, mwishoni mwa kila ujenzi, huchapa muhtasari wenye muda wa kila moduli. Wengi huupita bila kuusoma kwa sababu macho yanatafuta neno SUCCESS. Gradle ikipewa --profile huandika ripoti ndani ya mashine, inayofunguliwa kwa kivinjari. Ina pia --scan, yenye maelezo mengi zaidi, lakini hiyo hupeleka habari za mradi kwenye seva za nje. Kwa anayehesabu mega, na kwa anayejenga programu ya hospitali, --profile inatosha. Kwa watu wa C++, kompaila ya Clang tangu toleo la 9 la mwaka 2019 hukubali -ftime-trace na kuonyesha muda umekwenda wapi ndani ya kila faili.

Daftari mara nyingi humfichua mkosaji ambaye hakuna aliyemshuku. Kuna kisa kinachojirudia katika miradi ya Android. Mtu anataka ukurasa wa "Kuhusu" uonyeshe programu ilijengwa lini, kwa hiyo anaweka katika faili la Gradle mstari unaochukua saa ya sasa, hadi sekunde, na kuuandika ndani ya msimbo. Ni kitu kidogo cha maana. Lakini Gradle huamua kama kazi irudiwe kwa kulinganisha vilivyoingia sasa na vilivyoingia mara iliyopita, na saa haifanani kamwe. Kila ujenzi, hata ule ambao hakuna aliyegusa kitu, unaona msimbo "mpya", unaukompaili, na kila moduli inayoutegemea inafuata. Mstari mmoja umeua akiba yote. Dawa ni kuandika saa halisi katika toleo linalokwenda kwa watu, na katika toleo la kufanyia kazi kuweka neno lisilobadilika.

Wanaoandika clean kila mara hawafanyi hivyo kwa uvivu. Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kila mmoja wao aliwahi kurekebisha kosa, akajenga, akakuta kosa lipo, akahangaika, kisha akagundua kwamba programu aliyokuwa akiijaribu ni ya zamani. Woga huo una umri mrefu. Mwaka 1976, katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo ilikuwa imeshasahihishwa. Faili lilikuwa limerekebishwa ila halikuwa limekompailiwa upya. Mwenzake Stuart Feldman, aliyesikia malalamiko yake, akaandika programu iitwayo Make. Kanuni yake ni nyepesi: linganisha saa za mafaili, kama msimbo ni mpya kuliko tokeo lake, jenga, la sivyo acha. Karibu vyombo vyote vya ujenzi vya leo vinatokana na wazo hilo. Ni jambo la kusikitisha kwamba chombo kilichozaliwa ili watu wasirudie kazi kimezaa wajukuu ambao watu huwaamuru kurudia kazi kila siku.

Anayetaka kuacha clean aiache kwa wiki moja na kuandika kila mara inapombidi kuirudia. Kila tukio la namna hiyo ni kasoro ya mpangilio wa mradi: hatua fulani inasoma faili ambalo haikulitangaza, au inaandika mahali ambapo hatua nyingine inaandika pia. Kasoro hizo zikirekebishwa mojamoja, imani hurudi. Katika OpenMRS, anayefanya kazi kwenye moduli ya web, akiisha kuujenga mradi wote mara moja, anaweza kuandika mvn -o install -pl web -am, na Maven itagusa moduli hiyo na zile inazozitegemea tu. Anayetaka kujaribu sehemu moja ya api huandika mvn -o test -pl api -Dtest=PatientServiceTest, naye atapata jibu kabla maji ya chai hayajachemka. Majaribio yote ya mradi yanabaki na umuhimu wake, ila hayana sababu ya kukimbia kila baada ya mstari mmoja. Yakimbie kabla ya mtu kupeleka kazi kwa wenzake.

Kuna wanaosema dawa ni kutumia viini vyote vya prosesa kwa wakati mmoja. Ni kweli kwa kiasi. Maven ikipewa -T 1C hujenga moduli zisizotegemeana kwa pamoja, uzi mmoja kwa kila kiini, na Gradle hufanya hivyo ikiandikiwa org.gradle.parallel=true. Lakini Gene Amdahl alishaonyesha mwaka 1967 mpaka wa jambo hili: katika ujenzi wa dakika 20, kama dakika 5 ni za kazi isiyoweza kugawanywa, hata mashine elfu hazitaushusha chini ya dakika 5. Na mashine nyingi za Bukavu hazifiki kwenye mpaka wa Amdahl. Zinakwama kwanza kwenye RAM. Kompyuta ya gigabaiti 8 yenye Android Studio, kivinjari cha kurasa ishirini na emyuleta ya simu imeshajaa kabla ujenzi haujaanza. Ukiongeza kazi sambamba, mfumo huanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na kila kitu hupoa. Hapo kupunguza ndiko kunakoharakisha: org.gradle.workers.max=2, emyuleta ifungwe, na programu ijaribiwe kwenye simu halisi kwa waya wa USB. Simu hiyo ndiyo watakayoishika watumiaji, hivyo jaribio lenyewe huwa la kweli zaidi.

Katika faili la gradle.properties kuna mistari michache mingine inayolipa haraka. org.gradle.caching=true huifanya Gradle ikumbuke matokeo hata mtu akihama tawi la Git na kurudi, jambo ambalo wengi hulifanya mara kadhaa kwa siku. org.gradle.configuration-cache=true huiepusha kusoma upya maelezo yote ya mradi kila mara. Wanaotumia React Native wana faida kubwa inayowasubiri: bila kuambiwa, mradi hujengwa kwa aina nne za prosesa za simu, ilhali simu iliyo mezani ni ya aina moja. Wakiandika reactNativeArchitectures=arm64-v8a kwa ajili ya kazi ya kila siku, sehemu ya msimbo wa C++ hupungua kwa takriban robo tatu ya muda wake. Na miradi ya Kotlin ambayo bado inatumia kapt kutengeneza msimbo ihamie KSP pale maktaba zake zinaporuhusu. Wapangaji wa mradi waangalie pia faili la gradle-wrapper.properties. Likitaja kifurushi chenye -all, kila mgeni wa mradi anapakua na nyaraka na msimbo wa Gradle asizozihitaji, -bin inatosha.

Kwenye Windows, kabla ya yote hayo, folda za mradi na za akiba ziondolewe katika ukaguzi wa papo kwa papo wa kinga ya virusi. Ujenzi huandika maelfu ya mafaili madogo, na kila moja likisimamishwa kukaguliwa, foleni inakuwa ndefu. Ziondolewe folda hizo tu, si diski nzima. Na kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja, iwe SSD mahali pa diski ya kuzunguka, kisha RAM. Prosesa ije mwisho.

Vidokezo hivi vyote huharakisha mradi jinsi ulivyo. Miradi mikubwa kweli hufika mahali ambapo umbo lenyewe ndilo tatizo, na hapo mifano ya dunia inafundisha. Evan Martin wa Google, akifanya kazi kwenye kivinjari cha Chromium chenye mafaili zaidi ya 30,000, alikuta kwamba baada ya kubadilisha faili moja, vyombo vilivyokuwapo vilichukua sekunde kumi kufikiri tu kabla ya kuanza kujenga. Akaandika Ninja, ambayo hufanya hivyo chini ya sekunde moja kwa sababu imenyimwa makusudi uwezo wa kufanya maamuzi: maamuzi yote yamefanywa mapema na chombo kingine. Rob Pike naye ameeleza kwamba Septemba 2007, ndani ya kampuni hiyohiyo, programu ya C++ aliyokuwa akiishughulikia ilichukua dakika 45 kukompailiwa, tena kwenye kundi la mashine nyingi. Katika kusubiri huko ndiko wazo la lugha ya Go lilikoanzia. Go hukataa kukompaili faili lililoagiza maktaba lisiyoitumia. Wanaoanza huiona ni ukali usio na maana, lakini sheria hiyo ilitokana na zile dakika 45.

Kwa kernel ya Linux, Ingo Molnár alichapisha Januari 2022 mfululizo wa mabadiliko zaidi ya 2,200 yaliyogusa karibu nusu ya mafaili yote. Lengo lilikuwa moja: kukata utegemezi usio wa lazima kati ya mafaili ya vichwa, yale ambayo kila faili la C huyavuta ndani yake. Kasi ya kujenga kernel nzima ikapanda kwa asilimia 50 hadi 80. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya mwaka. Si kila timu ina mtu wa kujitoa hivyo, lakini kila timu inaweza kujiuliza alichojiuliza: faili hili linamjua nani, na kwa nini linamjua?

Katika Gradle swali hilo lina maneno mawili. Maktaba ikitangazwa kwa neno api, kila anayeitegemea moduli hiyo ataiona pia, na ikibadilika wote wanajengwa upya. Ikitangazwa kwa neno implementation, inabaki siri ya moduli, na badiliko lake haliwasumbui majirani. Miradi mingi imejaa api mahali ambapo implementation ingetosha, kwa sababu mtu mmoja aliandika hivyo na wengine wakanakili. Dalili ya umbo baya ni moduli moja, mara nyingi yenye jina kama common au utils, ambamo kila mtu hutupa kitu na ambayo kila moduli huitegemea. Ikiguswa, jengo lote linatikisika. Igawanywe kwa kufuata nani anatumia nini, polepole, kipande kimoja kila wiki, na daftari la namba tatu likisomwa kila mara kuona kama kuna tofauti.

Wajenzi wa C na C++ wana msaidizi ambaye hagusi umbo la mradi. Ccache, iliyoandikwa na Andrew Tridgell, yuleyule wa Samba na rsync, husimama mbele ya kompaila. Hutengeneza alama ya kidole ya msimbo na ya chaguo za kompaila. Alama hiyo ikiwa imewahi kuonekana, hutoa tokeo lililohifadhiwa badala ya kukompaili. Hapo hata anayefuta kila kitu na kuanza upya hulipa kidogo.

Kuna wakati ambapo uamuzi wa busara ni kutojengea Muhumba kabisa. Msimbo uliobadilika leo ni kilobaiti chache. Kifurushi kilichokamilika ni megabaiti kadhaa. Kilicho kizito ni kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo mtu anaweza kutuma msimbo wake kwenye seva iliyo mahali penye courant isiyokatika, ujenzi na majaribio yakafanyika huko, na yeye akapakua tokeo tu. GitHub Actions haitozi miradi iliyo wazi kwa umma, kama ilivyo OpenMRS. Aliyekodi seva yake mwenyewe aingie kwa ssh na kuanzisha ujenzi ndani ya tmux: mtandao ukikatika Muhumba, kazi inaendelea kule, na akirudi anaikuta ilipo. Seva hiyo nayo ipewe akiba, maana seva nyingi za aina hii huanza kila ujenzi zikiwa tupu. Anayejenga kwa Docker apange hatua vizuri: orodha ya maktaba inakiliwe na maktaba ziletwe kwanza, msimbo unakiliwe baadaye. Akigeuza mpangilio huo, kila herufi mpya ya msimbo itamlazimu kuleta maktaba zote upya.

Hadhari mbili zinahusu akiba zinazoshirikiwa. Ya kwanza: seva ya ujenzi peke yake ndiyo iruhusiwe kuandika katika akiba ya pamoja, na mashine za watu zisome tu, kwa sababu tokeo bovu au lililochezewa likiingia humo huwafikia wote kimya kimya. Ya pili: data halisi za wagonjwa zisiwekwe kamwe katika majaribio yanayopelekwa nje. Majina ya kubuni yanatosha kujaribu kila kitu.

Na neno clean lina siku yake. Toleo linapokaribia kupelekwa kituo cha afya, ambako mashine itafungwa na huenda isiguswe kwa miezi, ujenzi ufanyike mara moja kutoka sifuri, bila akiba, na majaribio yote yakimbie hadi la mwisho. Seva iliyo mbali inaweza kuanza kazi hiyo saa nne usiku, mega zikiwa zimepumzika na kompyuta ya Muhumba imezimwa. Asubuhi faili moja hupakuliwa, alama yake ya sha256sum hulinganishwa na iliyoandikwa kwenye seva, na nakala mbili huwekwa kwenye flash mbili tofauti kabla ya gari kuondoka.